Mtoto wa siku 9 na majibu ya "damu haigandi": je, ni himofilia?

Dada mmoja wa Tanga kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Dokta shikamoo. Nimejifungua mtoto wa kiume, miezi ilitimia, leo ana siku 9. Kabla ya tohara walimtoa damu, karatasi inasema PT 14 na APTT 48, halafu pembeni ya APTT wameweka herufi H, maana yake iko juu, kawaida wao wameandika 26 mpaka 40. Nesi akasema damu ya mtoto nyepesi, haigandi vizuri, tohara ikaahirishwa. Mama mkwe anasema ile sindano ya pajani aliyochomwa siku ya kuzaliwa ndo imemharibu damu. Mimi nimesoma kwenye simu nikakutana na himofilia, sasa silali. Hili litaisha akikua au ndo maisha yake?"

Marahaba mdogo wangu, hongera sana kwa mtoto na pole kwa hofu. Nikupe kwanza jibu lenyewe ndo tuongee mengine taratibu. PT na APTT ni vipimo viwili vya kuhesabu damu inachukua sekunde ngapi kuganda, na APTT ya sekunde 48 kwa mtoto wa siku 9 aliyetimiza miezi ni majibu ya kawaida ya umri wake. Ile 26 mpaka 40 iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya watu wazima, ya mimi na wewe, mashine imechapisha tu kile ilichowekewa na herufi H ikajitokeza yenyewe bila mtu yeyote kujiuliza huyu aliyetolewa damu ana umri gani. Hiyo haimaanishi himofilia, ule ugonjwa wa kuzaliwa nao wa damu kutoganda vizuri, nimeifuta kabisa, nitaifikia, lakini karatasi uliyonayo mkononi haijasema mtoto wako ni mgonjwa.

Na hili naliona mara nyingi mno na linaniuma, kwasababu mama anarudi nyumbani na mtoto mzima huku kichwani ana mtoto mgonjwa, familia inaanza kumwangalia kwa jicho lingine, wakati mtoto hana kosa lolote isipokuwa damu yake imesomwa kwa kipimo kisicho chake.

Sasa kwanini damu ya mtoto mchanga iko tofauti. Damu haigandi yenyewe hivi hivi. Ukijikata, mshipa unajikaza, zinakuja zile chembe sahani (wengi maabara wanaziita plateleti) zinajibandika pale penye tundu, halafu kuna kundi la protini zinazoelea kwenye damu tunaziita fakta, zimepewa namba, fakta 2, 5, 7, 8, 9, 10, 11 na kuendelea, hizi zinaamshana moja baada ya nyingine mpaka inapatikana trombini, na trombini ndo inageuza faibrinojeni kuwa nyuzi zinazoshika lile bonge likakaa imara. Upande wa pili kuna breki, kuna antithrombini, kuna protini C na protini S, kazi yake ni kuzuia damu isigande mwili mzima kwa kidonda kimoja cha kidole. Karibu zote hizi zinatengenezwa na ini.

Fakta za mama hazivuki kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani mtoto anazaliwa na damu ya mama yake. Mtoto anatengeneza za kwake mwenyewe, anaanza mapema kabisa tumboni, mimba ikiwa na wiki 10 hivi zinaanza kuonekana, lakini ini lake linakwenda kwa mwendo wake na siku anazaliwa halijafika kiwango cha mtu mzima.

Aliyetupa picha kamili ya jambo hili ni daktari wa Canada, Maureen Andrew, pale Hamilton jimbo la Ontario. Mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya watoto 118 wazima waliotimiza miezi, wakapimwa siku ya kwanza, siku ya 5, siku ya 30, siku ya 90 na siku ya 180, mwaka uliofuata wakatoa vya watoto njiti, na 1992 wakatoa vya watoto wa mwaka 1 mpaka 16. Kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa wanakisia tu. Walichokuta ni kwamba siku ya kwanza fakta 2 iko karibu nusu ya mtu mzima, fakta 10 kama asilimia 40, fakta 11 chini ya asilimia 40, fakta 9 na 12 karibu nusu. Lakini faibrinojeni iko sawa na ya mtu mzima, fakta 8 iko sawa, na ile protini inayosaidia plateleti kujibandika, ya von Willebrand, iko juu kuliko ya kwako wewe.

Ukisoma mpaka hapo utasema basi mtoto mchanga atavuja damu tu. Mbona havuji? Kitovu kinakatwa, kinakauka na kuanguka, anachomwa chanjo, anachomwa kisigino, damu inakata. Jibu ni kwamba na breki zake ziko chini vilevile: antithrombini kama asilimia 60, protini C na protini S kama asilimia 35 tu. Ni kama mizani ya sokoni, ukipunguza mawe upande huu na upande ule kwa pamoja mizani inabaki imenyooka. Na hapo ongeza kwamba damu yake ni nzito ina chembe nyekundu nyingi, zinasukuma plateleti kwenda pembeni karibu na ukuta wa mshipa, na ile protini ya von Willebrand iko nyingi na ina nguvu, hivo hata kama plateleti zake wiki za mwanzo ni za uvivu kidogo, tundu linazibwa vizuri tu.

Kwahiyo mtoto mchanga mzima ana mfumo wake kamili, ila umejengwa kwa vipimo vyake, mimi nakataa kabisa kuuita upungufu.

Shida ni kwamba kile kipimo cha APTT hakioni mizani yote. Ngoja nikuelezee kinavyofanyika maana ukikijua utaelewa mengi. Damu inaingizwa kwenye chupa ndogo ya kifuniko cha bluu, ndani ina maji kidogo ya sitreti yanayozuia isigande njiani, na uwiano ni damu sehemu 9 kwa sitreti sehemu 1, ndo maana kuna mstari kwenye chupa na damu lazima ifike pale. Maabara wanaizungusha kwenye mashine, chembe zinashuka chini, juu inabaki plazma ya njano, wanachukua hiyo plazma kidogo, wanaipasha mpaka nyuzijoto 37, wanaweka dawa ya kuamsha fakta, halafu wanaweka kalsiamu na saa inaanza kuhesabu mpaka igande. Hakuna ukuta wa mshipa pale, hakuna plateleti, hakuna protini ya von Willebrand inayofanya kazi yake, na zile breki nazo hazipati nafasi ya kuonekana. Kipimo kinaona fakta za kugandisha tu, na fakta za mtoto ziko nusu, basi saa inakwenda mbele.

Kwenye vipimo vya Andrew wastani wa APTT siku ya kwanza ulikuwa sekunde 42.9, siku ya 5 sekunde 42.6 na kawaida ikifika mpaka karibu 60, siku ya 30 sekunde 40.4, siku ya 90 ikashuka 37.1, na mtu mzima 33.5. Angalia mwenyewe 48 ya mwanao imekaa wapi. Lakini hizi namba usizishike kama msahafu, kila mashine na kila dawa ya maabara ina namba zake, daktari Paul Monagle na wenzake kule Melbourne, Australia, walirudia kazi hii 2006 kwa mashine za kisasa, namba zikawa tofauti ila mwelekeo ukabaki uleule kwamba umri unabadilisha majibu. Maabara nzuri inatakiwa iwe na jedwali la umri kwa mashine yake. Najua hospitali zetu nyingi hazina, basi angalau daktari anayesoma awe nalo kichwani.

Halafu kuna suala la sampuli yenyewe, na hapa ningependa umuulize aliyemtoa damu. Mshipa wa mtoto wa siku 9 ni mdogo, mara nyingi damu inatoka kwa matone, inachukua muda, inaanza kuganda ndani ya bomba la sindano kabla haijafika kwenye chupa, fakta zinatumika mulemule na majibu yanatoka marefu. Au damu haikufika mstarini, sitreti inakuwa nyingi kuliko damu, APTT inapanda. Na hata ikifika mstarini, mtoto mchanga akiwa na damu nzito, chembe nyekundu zikizidi asilimia 55, plazma inakuwa kidogo na sitreti inazidi, inabidi ipunguzwe kwenye chupa kabla ya kutoa damu. Akiwa amelazwa na damu imetolewa kwenye mpira wa mshipani uliosafishwa kwa heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) ndo kabisa, unapima heparini sio mtoto. Ndo maana mimi APTT moja ya mtoto mchanga ikiwa imezidi kidogo nairudia kwanza kwa sampuli safi kabla sijasema neno la kutisha.

Nije kwa mama mkwe, na naomba umwambie kwa heshima zote maana anaongea kwa kumpenda mjukuu. Ile sindano ya pajani ilikuwa vitamini K. Haijaharibu damu, ndo kitu pekee kilichofanyika siku ile kuisaidia damu ya mtoto igande.

Fakta 2, 7, 9 na 10 ini likishazitengeneza bado haziwezi kufanya kazi mpaka vitamini K izimalizie ili ziweze kushika kalsiamu, bila hiyo zinaelea tu kwenye damu hazina msaada. Na vitamini K inavuka kondo la nyuma kwa shida sana, mtoto anazaliwa na akiba ndogo mno. Kwenye maziwa ya mama nayo iko kidogo, kama maikrogramu 1 mpaka 4 kwa lita, ya kopo yameongezewa ndo maana yana nyingi zaidi. Tafadhali mtu asichukue hili kuwa sababu ya kuacha kunyonyesha, maziwa ya mama hayana mpinzani, kinachotakiwa ni sindano moja tu siku ya kuzaliwa na mtoto anyonye kwa raha zake. Na utumbo wake bado hauna wale bakteria wa kusaidia kuitengeneza.

Watoto walikuwa wanakufa kwa hili na hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1894 daktari Charles Townsend wa Boston aliandika habari za watoto 50 waliovuja damu siku za mwanzo bila kuwa na himofilia. Vitamini K yenyewe ilikuja kugunduliwa na Henrik Dam wa Denmark kwa kuku, vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakawa wanavuja damu, na ile K ni ya neno lao la kuganda, koagulation. Alipata Nobeli ya 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Mwaka 1961 madaktari wa watoto wa Marekani wakapendekeza kila mtoto anayezaliwa apewe, na leo Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 1 ya kuchoma kwenye msuli kwa kila mtoto, baada ya ile saa ya kwanza ya kulazwa kifuani kwa mama na kunyonya. Hofu nayo ilishawahi kutokea, Uingereza 1992 ulitoka utafiti uliodai sindano hii inaleta saratani ya damu, tafiti kubwa zilizofuata nchi mbalimbali hazikuona uhusiano huo. Kwahiyo mama mkwe sio wa kwanza kuiogopa.

Mtoto asiyechomwa anaweza kuvuja nyakati tatu. Ndani ya saa 24 za mwanzo, hii inatokea sana kama mama alikuwa anatumia dawa za kifafa mfano fenitoini au fenobabitoni, au dawa za TB kama rifampisini, au warfarini, dada zangu mnaotumia hizi semeni mapema kliniki na wala msiziache wenyewe. Kuanzia siku ya 2 mpaka wiki ya kwanza, damu kitovuni, kwenye choo, kwenye kidonda cha tohara. Halafu ile ninayoiogopa kuliko zote, ya kuchelewa, inakuja kati ya wiki ya pili na miezi 6 na hasa wiki ya 3 mpaka ya 8, mtoto ananyonya vizuri, amenenepa, kila mtu anamsifia, na karibu nusu ya wanaopata hii damu inavujia kwenye ubongo.

Mara nyingi kabla ya ule ubongo kuvuja mwili unatoa ishara siku chache nyuma. Tone la damu puani bila sababu, damu kidogo kwenye fizi, kitovu kilichokauka kinaanza kutoa damu tena, doa la bluu mbavuni na hakuna aliyemwangusha, choo cheusi wakati kile cha mwanzo kabisa cha kuzaliwa kilishaisha. Watu wanasema "ah kidogo tu" wanapaka mafuta. Hiyo kidogo ndo nafasi ya kumuokoa, unaenda hospitali siku ileile na unawaambia wazi kama alichomwa vitamini K au hakuchomwa. Akifikia kutapika, kulia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, kukataa ziwa, kupauka, utosi kuvimba, degedege, huko ni kukimbia. Na mtoto ambaye macho yana manjano yamepita wiki mbili na choo chake kimepauka, huyo ini na nyongo yake vinahitaji kuangaliwa haraka, maana vitamini K inahitaji nyongo ili iingie mwilini.

Na kwa kuwa tuko Afrika Mashariki siwezi kuacha kusema hili: umri huo huo ndo watu wanampeleka mtoto kukatwa kimeo, kung'olewa yale wanayoita meno ya plastiki, kuchanjwa chale. Mtoto wa kawaida tu hivo vitu vinamletea maambukizi na damu, sasa fikiria ni mtoto aliyezaliwa nyumbani, hakuchomwa vitamini K, fakta zake ni za umri wake na hazijamaliziwa, halafu mtu anaingiza kisu kooni. Kikohozi hakitokani na kimeo na kuharisha hakutokani na fizi. Nawaomba sana muache.

Turudi kwa mwanao. Alichomwa vitamini K, PT yake ni 14 na PT ndo inayoathirika mapema vitamini K ikipungua kwasababu fakta 7 inaisha haraka kuliko zote, kwahiyo PT kuwa sawa na APTT kuwa juu kidogo inaniambia vitamini K iko kazini. APTT inabaki ndefu kwasababu ndani yake kuna fakta 11, fakta 12 na wenzake ambazo hazihusiani na vitamini K hata ukimchoma kila siku, zinasubiri ini likue. Na fakta 12 hata ikiwa sifuri mtu havuji damu, inarefusha kipimo tu.

Himofilia sasa. Hii ni fakta 8 (himofilia A) au fakta 9 (himofilia B) kukosekana au kuwa chini kwa sababu ya kurithi, inawapata hasa watoto wa kiume, jeni (chembe ya urithi) inakuja kupitia kwa mama. Ile kali APTT yake kawaida haiishii 48, inaruka mbali. Lakini ile ya wastani au nyepesi inaweza kujificha kwenye namba kama zako, ndo maana sikuambii "sahau kabisa". Nataka ukae na mama yako mzazi umuulize: kuna mjomba wako, au mjomba wake yeye, au mtoto wa dada yako aliyevuja sana akitahiriwa, aliyekuwa anavimba magoti au viwiko, aliyekufa mdogo kwa kutoka damu? Upande wa baba yake mtoto hauhusiki kwenye himofilia, uulize kwa magonjwa mengine ya damu. Hata wote wakisema hakuna, karibu theluthi moja ya watoto wenye himofilia hawana historia yoyote kwenye familia, hivo kwa mtoto anayekwenda kukatwa mimi napima fakta 8 na fakta 9 zenyewe pale panapowezekana, na Muhimbili kuna huduma ya himofilia, daktari wenu wa Tanga anaweza kuwasiliana nao kabla hamjasafiri.

Hapo umri unaingia tena na ndo penye uzuri wake. Fakta 8 siku ya kuzaliwa iko kama ya mtu mzima, kwahiyo ikiwa chini leo, ni chini kweli, himofilia A inajulikana hata kwa damu ya kitovu. Fakta 9 kila mtoto mchanga anayo nusu, kwahiyo ikitoka asilimia 30 au 40 huwezi kusema himofilia B nyepesi, unasubiri unarudia akiwa na miezi 6. Ikitoka asilimia 1 huhitaji kusubiri chochote. Von Willebrand nayo kinyume chake, iko juu utotoni kwahiyo upungufu mwepesi unajificha, unapimwa baadaye.

Umesema kitovu kilikuwaje? Hukuandika. Kama kilianguka bila kutoa damu ya siku nyingi na lile paja la sindano halikuvimba donge, ni dalili nzuri ingawa sio ushahidi kamili. Nauliza kitovu kwasababu kuna upungufu wa nadra wa fakta 13, huo PT na APTT zinatoka sawa kabisa na kitovu kinavuja.

Tohara isubiri majibu. Akika chinjeni, nywele mnyoeni, jina mpeni, hivyo havina shida na damu yake, kukata ndo kusubiri na ukiwaeleza masheikh wenu kwamba ni ushauri wa daktari sidhani kama kuna atakayewabana. Fakta 8 na 9 zikija vizuri kwa umri wake, atahiriwe hospitali kama mtoto mwingine yeyote. Na kipindi hiki asipewe aspirini wala asikandwe kwa nguvu.

Umeuliza akikua itakuwaje. Itabadilika, na itaendelea kubadilika maisha yake yote. Miezi 6 ya mwanzo ndo mabadiliko makubwa, fakta nyingi zinapanda na kufikia au kukaribia kiwango cha mtu mzima, APTT inashuka mwezi kwa mwezi. Njiti wanaanza chini zaidi lakini wanakimbia, ikifika miezi 6 wanakuwa wamewakaribia wenzao. Protini C ndo mvivu wa kundi, inaweza kubaki chini ya mtu mzima mpaka karibu na balehe, nalisema hili kwasababu nimeona watoto wa miaka mitatu wanaandikiwa "upungufu wa protini C" na kumbe ni umri tu. Kuna na breki moja inaitwa alfa-2-makroglobulini, hiyo kwa watoto iko juu kuliko kwa watu wazima. Ukijumlisha, mtoto anatengeneza trombini kidogo kuliko mtu mzima na ana breki hiyo ya ziada, na nadhani hiyo ni sehemu ya sababu kwamba watoto ni nadra sana kupata mabonge ya damu kwenye mishipa, hata wanaofanyiwa operesheni kubwa. Anayepata mara nyingi ni mchanga aliyelazwa na ana mpira kwenye mshipa wa kitovu au wa shingo, bonge linajijenga pale penye mpira, na huyo akihitaji heparini dozi kwa kilo inakuwa kubwa kuliko ya mtoto wa miaka mitano kwasababu antithrombini yake ni kidogo na dawa inatoka mwilini haraka, mtoto wa chini ya mwaka tunaanza na yuniti 28 kwa kilo kwa saa, aliyevuka mwaka 20.

Kuna familia huko Uholanzi, iliandikwa na madaktari wa Leiden mwaka 1970, watoto wa kiume wanazaliwa na himofilia B kali kabisa, halafu wakibalehe homoni za kiume zinaamsha ile jeni na fakta 9 inaanza kupanda yenyewe, wakiwa watu wazima wengi wao hawavuji tena. Ni aina ya nadra sana, naitaja tu kukuonyesha umri una nguvu kiasi gani juu ya damu.

Halafu mimba inapandisha fakta 8 na faibrinojeni, mwili unajiandaa kwa kujifungua, ndo maana na wewe mdogo wangu wiki hizi 6 za uzazi tembea, usilale kitandani siku nzima, mguu mmoja ukivimba na kuuma au ukapata kifua kubana ghafla nenda hospitali. Na uzeeni fakta 8, von Willebrand na faibrinojeni zinazidi kupanda, bonge la damu ambalo kwa watu wazima kwa ujumla linampata kama mtu 1 katika 1,000 kwa mwaka, kwa wazee sana linakaribia 1 katika 100. Kwahiyo mama mkwe anaposafiri na basi kutoka huko kuja Dar, ashuke kunyoosha miguu.

Kwa sasa fanya haya: mwambie daktari arudie APTT kwa sampuli ya mshipa iliyotoka vizuri, chupa ijae mpaka mstarini, aombe fakta 8 na fakta 9, na maabara waandike umri wa mtoto kwa siku kwenye fomu. Karatasi ya uzazi yenye tarehe ya vitamini K itunze pamoja na kadi ya kliniki. Majibu yakitoka niandikie, weka namba zote pamoja na zile za kawaida za maabara hiyo, na uniambie habari za kitovu na za wajomba.